Kwenda Kuitazama Miti ya Matunda Ikichanua

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika maadhimisho ya hekalu, Tanga



Nimepewa nusu saa na nimeombwa nizungumzie miti, kwa kuwa nilikuwa bwana shamba kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na kwa kuwa nyumba yangu inapakana na ukuta wenu wa nyuma. Huenda baadhi yenu mlitarajia nieleze namna ya kupogoa matawi au kupulizia dawa. Hayo yatagusiwa kidogo. Ninachokusudia hasa ni kuieleza desturi moja ambayo mataifa kadhaa wanayo, nasi hatunayo ingawa kila kinachohitajika tunacho: desturi ya watu kutoka majumbani mwao, kwa makundi na kwa miguu, siku zile miti ya matunda inapochanua, wakaenda kuitazama. Hawaendi kuchuma, maana bado hakuna cha kuchuma. Hawaendi kununua wala kuuza. Wanatazama, wanakaa chini ya matawi, wanakunywa chai waliyokuja nayo, kisha wanarudi makwao.

Nina sababu ya kuichagua mada hii, na ni heri niitaje sasa kuliko kuizungukazunguka. Kamati yenu, katika kikao kijacho, itazungumzia ile miembe mitano iliyo nyuma ya jikoni. Yapo mapendekezo kwamba ikatwe yote, mahali pake papatikane maegesho ya magari, na ukuta ujengwe upya. Nimealikwa hapa kama jirani, na jirani hana kura katika kikao cha mwenziwe. Nina macho tu, na miti ile nimeitazama kwa miaka mingi kutoka upande wa pili wa ukuta.

Desturi hii imeshika mizizi Japani pengine kuliko nchi nyingine yoyote, basi nianzie huko, kisha tujongee kidogo kidogo mpaka tufike kwenye ukuta wetu.

Wengi wetu tukisikia maua ya Japani hufikiria micheri, ile yenye maua ya waridi isiyozaa tunda la maana kwa mlaji. Lakini kabla ya mcheri kutawala nyoyo za watu wa kule, mti uliotukuzwa ulikuwa mplamu, ulioletwa kutoka China. Katika Man'yoshu, diwani kongwe ya mashairi ya Kijapani iliyokusanywa katika karne ya 8, mashairi yanayoutaja mplamu ni zaidi ya maradufu ya yale yanayoutaja mcheri. Mwaka 730, huko Dazaifu katika kisiwa cha Kyushu, gavana Otomo no Tabito aliwaalika wageni nyumbani kwake waje kuitazama miplamu ikichanua, na wageni wakatunga mashairi papo hapo; yamehifadhiwa 32. Utangulizi ulioandikwa kwa mashairi hayo ndimo lilimotolewa jina la enzi ya sasa ya Japani, Reiwa, iliyoanza mwaka 2019. Karamu ya siku moja chini ya miti ya matunda, na baada ya karibu miaka 1,300 taifa zima linahesabu miaka yake kwa maneno yaliyotoka katika karamu ile.

Mplamu wa Japani huchanua Februari na Machi, baridi ikiwa bado kali, na mara nyingine theluji huyaangukia maua yake. Tunda lake huiva Juni, wakati wa mvua nyingi, hata mvua hizo Wajapani huziandika kwa alama mbili, ya plamu na ya mvua. Ni tunda chachu mno, haliliwi bichi. Hutiwa chumvi, huanikwa juani, likawa kitu kiitwacho umeboshi, ambacho hukaa miaka bila kuharibika. Akina mama waliopo hapa, wenye mitungi ya achari juu ya kabati zao, hawahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1842, mtawala wa jimbo la Mito, Tokugawa Nariaki, alifungua bustani aliyoiita Kairakuen, maana yake bustani ya kufurahi pamoja. Katika zama ambapo bustani za wakubwa zilizungukwa na kuta, yeye alitenga siku maalumu ambazo watu wa kawaida waliruhusiwa kuingia. Leo ina miplamu ipatayo 3,000, ya aina zipatazo 100. Hata hivyo Nariaki hakupanda kwa ajili ya maua peke yake. Alijua kwamba tunda lililotiwa chumvi ni akiba ya wakati wa njaa na chakula cha askari safarini. Aliyekuja Februari kufurahisha macho alikuwa, bila kufikiri sana, anakagua ghala ya jimbo lake.

Mfano wa pili kutoka huko huko naupenda zaidi, kwa sababu ni wa nyumba ya ibada. Katika mji wa Kyoto pana madhabahu ya Kishinto iitwayo Kitano Tenmangu, iliyojengwa kumheshimu mwanazuoni Sugawara no Michizane, aliyefariki uhamishoni mwaka 903. Hadithi zasema kwamba mplamu wa nyumbani kwake ulishindwa kuvumilia kutengana naye, ukaruka angani ukamfuata uhamishoni. Hadithi ni hadithi. Jambo lililo dhahiri ni kwamba madhabahu ile ina miplamu ipatayo 1,500, na tarehe 25 Februari kila mwaka watu humiminika kuitazama, wakapewa chai katika uwanja wa wazi. Mambo hayaishii hapo. Matunda ya miti ile huvunwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani papo hapo katika viwanja vya madhabahu, na kuanzia tarehe 13 Desemba waumini huyachukua kwa sadaka ndogo, wakayatia katika kikombe cha maji ya moto asubuhi ya mwaka mpya, kwa kujitakia afya.

Tazameni jinsi mwaka ulivyofungwa. Mtu aliyeuona mti ukiwa na maua ana sababu ya kuuliza habari zake Juni, na Desemba analipata tunda lake mkononi. Kati ya miezi hiyo mti una mashahidi. Katika viwanja kama vile, anayetaka kukata mti mmoja atawakuta watu mia wanaoujua kwa mahali unaposimama na kwa rangi ya maua yake.

Sasa tukaribie kidogo. Huko Srinagar, Kashmir, chini ya kilima cha Hari Parbat, ipo bustani ya milozi iitwayo Badamwari. Mlozi ndio mti wa kwanza kuchanua bondeni humo baada ya majira ya baridi, mwezi wa Machi hivi, na maua hutangulia majani, kiasi kwamba kwa siku chache mti wote ni mweupe wenye wekundu wa mbali. Kwa vizazi vingi watu wa mji walikwenda huko na mabirika yao makubwa ya samawari, wakatandika mazulia chini ya miti, wakakaa kutwa nzima. Kilima chenyewe kina nyumba tatu za ibada: hekalu la mungu wa kike Sharika, ziara ya walii Makhdoom Sahib, na gurdwara ya Masingasinga. Wanaopanda kwenda kuswali au kuabudu hupita njia mbalimbali. Milozi iko chini, kwa wote. Miaka ya baadaye bustani ilichakaa, na wengi waliokuwa wakiijia walikwishatawanyika kwa sababu ambazo si za kusimuliwa katika sherehe kama hii. Mwaka 2008 ilifunguliwa upya baada ya kutengenezwa, na matembezi yakarejea. Wale waliotandika mazulia pamoja na majirani zao hawakurejea wote. Miti huweza kupandwa tena upesi kuliko ujirani, na hili nalisema kwa kuwa leo ninyi mmetualika sisi wa nje ya ukuta, tukaja.

Tukishuka kutoka Kashmir kwenda nchi tambarare za India, mlozi unatoweka na mwembe unashika usukani. Huko mwembe huchanua kati ya Januari na Machi, wakati majira ya baridi yanapolegea na Vasanta, majira ya machipuo, yanapoingia. Wazee wa Kigujarati waliomo humu wanaliita ua hilo mor, neno lile lile wanalolitumia kwa tausi, na aliyeuona mwembe mzima ukiwa umesimamisha mashada yake anaweza kuona kwa nini masikio ya watu hayakuona tabu kuyachanganya mambo hayo mawili. Siku ya Vasant Panchami, huko Bengal, maua ya mwembe huwekwa mbele ya Saraswati pamoja na vitabu na kalamu za wanafunzi. Katika masimulizi ya kale, mungu wa mapenzi, Kama, ana mishale mitano ya maua, na mmojawapo ni ua la mwembe.

Kalidasa, katika tamthilia yake ya Shakuntala, sehemu ya sita, aliitumia heshima hiyo kwa namna ambayo mimi, mtu wa mashamba, naiona kuwa ya mtu aliyeijua miti. Mfalme Dushyanta ana majuto na huzuni ya kumpoteza mkewe, amepiga marufuku sikukuu ya machipuo. Vijakazi wawili wa bustani, wasiokuwa na habari za amri hiyo, wanayaona maua ya mwembe, wanafurahi, na mmoja anachuma amtolee Kama. Mara anatokea mkuu wa watumishi anawakaripia. Serikali inaweza kufuta sherehe. Mwembe haupokei barua.

Na haikuwa habari ya ikulu tu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Mfalme Ashoka aliagiza iandikwe katika nguzo ya jiwe kwamba alipanda miti ya kivuli kando ya barabara kwa ajili ya wanyama na watu, na kwamba alipanda miembe. Rabindranath Tagore, katika shule yake ya Santiniketan, aliwafundishia wanafunzi chini ya miembe. Wimbo wa taifa wa Bangladesh, alioutunga yeye, unaitaja harufu ya miembe katika majira ya machipuo. Na Bangladesh iliutangaza mwembe kuwa mti wake wa taifa.

Kutoka huko mwembe ulivuka bahari ukatufikia, na lugha yetu inakiri. Aam la Kihindi, ambo la Kigujarati, anba la Kiarabu na embe letu ni ndugu wa tumbo moja. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali, na pembeni yake vikawekwa ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe zilizosindikwa. Aliandika kuwa tunda lile likiiva ni tamu sana, na likiwa changa ni chachu kama ndimu, hivyo hutiwa siki. Zimepita karibu karne saba, na sahani hiyo ningeweza kuikuta mchana huu katika jikoni lolote la mtaa wetu, liwe la Mswahili au la Mhindi.

Mwembe ulipofika haukubaki pwani. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, miembe mikongwe huonyesha palipopita njia ya misafara ya karne ya 19. Chini yake walipita wapagazi wenye pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Na mijini miti hii ikawa anwani. Zanzibar kuna Mwembeladu, Mwembetanga na Mwembeshauri. Dar es Salaam kuna Mwembechai na Mwembeyanga. Mombasa kuna Mwembe Tayari. Mtu aliyeambiwa "tukutane mwembeni" hakuhitaji ramani.

Lakini safari ile ilibadilisha jambo moja, nalo ndilo linaloeleza kwa nini hatuna matembezi ya maua. Kule kaskazini ya ikweta, mwembe huchanua mwaka unapoanza na embe huiva kuanzia Aprili. Huku kwetu, kusini kidogo ya ikweta, huchanua kipupwe, kati ya Juni na Septemba, na embe huja na jua la Novemba hadi Februari. Mti ni mmoja, kalenda zimepishana nusu mwaka. Kwa hiyo sikukuu ya machipuo inapofika hapa Tanga, miembe yetu imemaliza kuzaa na inasubiri masika. Aliyekuja kutoka Gujarat na desturi zake alizikuta sikukuu na maua vimeachana. Nasi wenyeji hatukuwa na jina la majira ya machipuo isipokuwa katika vitabu vya shule. Tuna masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na kipupwe kwetu ni wakati wa kujifunika shuka na kulalamikia upepo wa kusi. Maua huja na kuondoka juu ya vichwa vyetu tukiwa tumeinama.

Niruhusuni nieleze kinachotokea juu huko, kwa maana anayekwenda kutazama bila kujua anachokitazama huchoka upesi. Mwembe hautoi maua kwa sababu tarehe imefika. Unahitaji kusimama. Mvua za masika zikikoma na usiku ukipoa, matawi huacha kutoa majani mapya, na tumba za nchani, ambazo zingekuwa majani, huwa maua. Shada moja huweza kubeba maua mamia kadhaa, hata maelfu. Kila ua ni dogo sana, rangi yake kati ya manjano na wekundu, na mengi yake ni ya kiume tu, hayawezi kuzaa kamwe. Katika yale yanayoweza, machache hushika mimba, na katika vitunda vinavyoshika vingi hudondoka vikiwa kama dengu, kisha kama gololi, kisha kama yai la njiwa. Shada likikufikishia embe moja au mbili mpaka kuiva, limefanya kazi yake. Kwa hiyo ukisimama chini ya mwembe uliochanua unatazama jambo ambalo sehemu yake kubwa mno haitatimia, na mti umekwisha kulihesabu hilo tangu mwanzo.

Wahudumu wa karamu hii, kwa taarifa ya washairi, ni nzi. Nyuki huja, lakini nzi wa aina mbalimbali hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuhamisha chavua. Anayepulizia dawa ya wadudu mwembe uliofunguka maua anawafukuza wakunga chumba cha uzazi. Dawa ina wakati wake, kabla ya maua kufunguka au baada ya kitunda kushika. Maadui wa kweli katika wiki hizo ni ugonjwa wa ubwiri unga, unaolifunika shada kwa weupe kama wa unga wa sembe, na chule, unaoyageuza maua kuwa meusi, hasa ikinyesha mvua isiyo ya wakati wake. Mvua ya siku tatu mwezi wa Julai inatosha kuiondoa achari ya mwaka mzima. Na mwembe una tabia ya kuzaa sana mwaka huu na kupumzika mwakani, jambo linalowafanya wengi waseme mti umezeeka, wakatafuta shoka, kumbe umechoka tu.

Hapo nafika kwenye miti mitano.

Nimeikagua wiki iliyopita kwa idhini ya Bwana Mwenyekiti. Mmoja, ule wa pembeni kabisa upande wa tangi la maji, umeoza ndani. Nilipougonga ulilia kama ngoma, mchwa wamefika hadi juu ya goti, na tawi lake kubwa limeelekea juu ya paa la jikoni. Huo ukatwe, tena kabla ya mvua za vuli, na nisingependa mapenzi yangu kwa miembe yamwangukie mpishi. Minne iliyobaki ni mizima. Miwili ni dodo, mmoja ni boribo, na mmoja ni wa mbegu, hauna jina, embe zake ni ndogo zenye nyuzi, nazo ndizo akina mama wanazozigombea kwa achari kwa sababu ya ukali wake.

Kuhusu ukuta, malalamiko ni ya haki. Mizizi ya mti mmoja, narudia mmoja, imeunyanyua msingi kwa urefu wa kama hatua nne. Fundi anaweza kuzivunja hatua hizo nne, akaweka nguzo mbili na boriti juu ya mizizi, ukuta ukapita juu bila kuigusa. Nimeona kazi kama hiyo ikifanywa, na gharama yake ni ndogo kuliko kung'oa visiki vinne na kufukia mashimo yake. Kuhusu magari, nimepima kwa hatua zangu. Mkiondoa mti ule mbovu na kuhamisha kuni, mtapata nafasi ya magari sita kivulini. Mkiondoa miti yote mtapata nafasi ya kumi na moja juani. Tofauti ni magari matano, na hiyo ndiyo bei ambayo kamati itaamua kama inafaa. Sitaki kuifanya ionekane ndogo. Katika siku kama ya leo magari matano ni wazee kumi wasiolazimika kutembea kutoka barabara kuu.

Upande wa pili wa mizani kuna mambo ambayo nadhani hayajawekwa katika karatasi za kikao. Majani mnayoyafunga katika toran za milango yenu, na yale mnayoyapanga mdomoni mwa kalash chini ya nazi, hutoka katika miti hii; siku ya arusi nimeona mtoto akitumwa na ngazi. Achari inayouzwa katika tamasha la kuchangia madawati hutoka katika ule usio na jina. Watoto wa madrasa iliyo upande wangu huokota zinazoanguka nje ya ukuta, na hakuna aliyewahi kuwafukuza. Na wanachama wengi, naomba radhi nikisema, hawajawahi kwenda nyuma ya jikoni wakati wa kipupwe. Wanaijua miti kwa mizizi yake tu, kwa kuwa ni ukuta unaowaletea fundi na hati ya malipo. Huwezi kumpima mtu vizuri ikiwa unakutana naye siku za madeni peke yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ni dogo. Msiamue kabla ya kuiona ikiwa na maua. Kwa hali ya hewa ya mwaka huu, mashada ya kwanza yanaanza kujitokeza, na mwisho wa Julai itakuwa imefunguka. Ahirisheni suala hilo kwa kikao kimoja, na katikati yake twende matembezi.

Nimependekeza njia. Tutaanzia hapa nyuma ya jikoni, tutapita kwenye mwembe wa msikiti, ambao imamu ameshakubali, kisha miembe ya uwanja wa shule, kisha ile ya nyumba za zamani za reli, ambayo ni mikubwa kuliko yote na ambayo wengi hupita chini yake kila siku bila kuinua uso. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mwenye fimbo. Tukiipenda kazi hii, siku nyingine tunaweza kupanda gari hadi Muheza mvua zinaporudi, tukaingie katika mashamba ya michungwa yakiwa na maua, kwa harufu ambayo siwezi kuieleza kwa maneno. Na Lushoto, kwenye baridi ya Usambara, ipo mipichi, mipeasi na miplamu, jamaa wa mti wa Kitano, ambayo huchanua kipupwe kinapoelekea kwisha. Hayo ni ya baadaye.

Jambo jingine moja, kisha niketi. Kule Kyoto, wataalamu wamekusanya kutoka katika shajara za watawa na watu wa ikulu tarehe za kuchanua kwa micheri ya mji huo tangu mwaka 812, na kwa hesabu hiyo iligundulika kwamba mwaka 2021 micheri ilifikia kilele chake tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa hadi wakati huo. Watawa wale hawakujua kwamba wanapima joto la dunia. Waliandika tu kwamba leo tumekwenda kutazama maua. Hekalu hili lina mapokeo mazuri ya kuandika; nimeonyeshwa daftari za michango za tangu enzi za rupia, na hati yake inasomeka. Mimi nina daftari langu la miembe, lakini daftari la mtu mmoja hufa naye. Naomba katibu atenge ukurasa mmoja kila mwaka: tarehe shada la kwanza lilipoonekana, tarehe maua yalipofunguka, kama mvua ilinyesha, na embe ya kwanza ilidondoka lini. Mistari minne. Mwanafunzi yeyote wa darasa la tano anaweza kuijaza.

Matembezi, kamati ikiridhia, yatakuwa Jumapili ya mwisho ya Julai. Tukutane lango la nyuma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla nzi hawajashughulika sana na kabla jua halijatuumiza macho tunapotazama juu. Chai ya tangawizi itatolewa na akina mama wa hekalu, na mahamri yatatoka kwangu. Magari yaachwe nyumbani. Watoto waje, ila wasirushe mawe, maana safari hii hakuna cha kuangusha. Wenye pumu na wanaopiga chafya kwa urahisi wasimame upande upepo unakotoka, kwa kuwa chavua na harufu ya mwembe huwasumbua baadhi ya watu. Na fundi wa ukuta nimeshamwalika; atakuja na futi yake.